Mhuri Nilioondoka Nao Juba

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nawaambia hivyo mapema, nyinyi vijana, ili mjue mnasoma maneno ya mtu gani. Nimeona jenereta ikiwaka moto na mwenyewe amesimama pembeni anaipigia picha. Nimeona fundi akinunuliwa filta mpya, akaiosha ile kuukuu, akairudisha ndani, akaiuza ile mpya kabla chai yake haijapoa. Shule niliachia darasa la sita, Kitale, nikaanza kazi kwa kumshikia fundi tochi. Nilipofika miaka arobaini na tano nilikuwa na kampuni ya jenereta katika nchi ambayo hata sikuwa nakaa. Hakuna aliyenishika mkono. Hakuna mjomba serikalini, hakuna shamba lililouzwa. Watu huniita Injinia Simiyu na sijawahi kuwakataza.

Naandika nikiwa Juba, chumba cha kupanga hapa Hai Cinema, kwenye kiti chenye mguu mmoja mfupi. Huu ni mwezi wa tatu. Ni muda mrefu kuliko siku zote nilizowahi kukaa Juba nikiwa bosi, ukizijumlisha, na nilikuwa bosi wa hapa miaka saba. Nimestaafu sasa. Uzee bado, nina hamsini na mbili tu. Nimestaafu kwa kuchoka, na kuchoka kwenyewe ni kule ambako ukilala hakupungui.

Kijana mmoja wa kwetu alinipigia simu wiki iliyopita. Anataka kufungua kampuni ya kuuza sola hapa Juba, lakini yeye akae Eldoret. "Injinia, wewe ndiye uliyeweza," akaniambia. "Nifundishe kuendesha kampuni kwa simu." Nikamwambia nitamwandikia. Basi haya ndiyo ninayomwandikia yeye, na wengine kama yeye, kwa sababu najua mko wengi.

Kuendesha kampuni kwa simu kunawezekana. Nilifanya, na nilifanya vizuri kuliko wengi waliokaa hapa wakinywa soda na wafanyakazi wao. Nilikuwa nikisikiliza injini kwa simu. Nawaambia kweli. Opio, fundi wangu, Mganda kutoka Gulu, alikuwa anakwenda kwa mteja pale mtaa wa Malakia, anawasha jenereta, ananipigia.

"Sogeza simu kwa kichwa cha injini," namwambia.

"Nimesogeza, bosi."

"Hapo umesogeza kwa feni. Nasikia upepo. Rudi upande wa injekta."

"Bosi, wewe unaonaje nimesogeza kwa feni na uko Kenya?"

"Nasikia. Sasa tulia. Hapo. Hiyo ya tatu kutoka mbele inagonga. Ifungue."

Anaifungua hiyo pua ya kunyunyizia dizeli, anaikuta imeziba. Mara ngapi? Sikuwa nahesabu. Opio alianza kuwaambia watu sokoni kwamba bosi wake ana masikio ya popo, na mimi sikumkatalia.

Kitu cha pili, mita ya saa. Kila jenereta ina mita inayohesabu saa ilizofanya kazi. Kila asubuhi nilitaka picha ya kila mita, kutoka kila mahali tulipokodisha mashine. Ukijua saa, unajua dizeli iliyopaswa kunywewa. Lakini wajanja wapo. Kulikuwa na mwendeshaji mmoja, simtaji, aliyekuwa anaiacha mashine iunguruke mchana kutwa bila kuwasha hata taa moja. Saa zinapanda, dizeli inayoliwa ni kidogo, ile inayobaki anaiuza kwa mitungi. Picha zake za mita zilikuwa safi kuliko za wote. Mimi nikamwambia: nipigie picha ya bomba la moshi. Nikaona linachuruzika ute mweusi, kama pua ya mtoto mwenye mafua. Mashine kubwa ikizungushwa bila mzigo hufanya hivyo, dizeli haiungui yote. Nikampigia.

"Mashine yako inafanya kazi ya nani?"

"Ya hoteli, mudir."

Mudir ndio bosi kwa Kiarabu cha hapa. "Hoteli imezima kila kitu," nikamwambia, "na bomba linatoa kamasi. Rudisha funguo kwa Keji kabla ya saa sita."

Alirudisha. Nilifanya hayo nikiwa nimevaa ndala sebuleni kwangu, kilomita nyingi kutoka hapa, na uji mkononi. Niambieni ni msomi gani wa biashara angejua.

Sasa Keji. Keji ndiye aliyekuwa meneja wangu, na haya yote ni habari yake, hata kama nimeanza na yangu. Ni mwenyeji wa hapa, wa kabila la Wabari, lakini alikulia ukimbizini Uganda, upande wa Arua, akarudi na Kiswahili cha huko na hesabu nzuri kunishinda. Nilimpata akiuza vocha za simu karibu na kanisa kuu la Kator. Niliona anaandika kila vocha kwenye daftari, na jina la mnunuzi. Nikamwuliza jina la mnunuzi la nini. Akasema, "Kesho akirudi kusema vocha ilikuwa mbovu, mimi nitajua ni yeye ama si yeye." Nikamchukua siku hiyohiyo. Kwa watu sikosei. Hata hapo sikukosea, makosa yangu yalikuwa kwingine.

Sheria ya hapa inataka mwenyeji awemo ndani ya kampuni. Mwenyeji wangu alikuwa Mzee Lado, mjomba wa Keji, karani mstaafu. Maisha yake yote alikuwa akipiga mihuri kwenye ofisi fulani, na kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kimebonyea kama kijiko. Anatia sukari vijiko vitano kwenye chai na kulalamika kwamba sukari ya siku hizi haina nguvu. Ndiye aliyenitembeza wiki tatu, ofisi hadi ofisi, mpaka kampuni ikasajiliwa. Kila tulipofika, karani alichukua karatasi, hakusoma neno hata moja, aliangalia chini kama kuna mhuri wa duara. Ukiwepo, anapokea. Usipokuwepo, anakusukumia karatasi yako kama sahani chafu.

"Unaona?" Mzee Lado akaniambia. "Hapa sahihi ni ya mtu. Mhuri ni ya kampuni. Mtu anaweza kufa, anaweza kukimbia. Mhuri inakaa."

Siku ya kuondoka, alinisindikiza uwanja wa ndege. Nilikuwa nimeufunga mhuri ndani ya soksi, kwenye begi. Aliniona nikiupapasa.

"Hiyo unapeleka wapi?"

"Nyumbani. Kampuni ni yangu."

"Acha mhuri, nenda na mwili yako," akasema. "Mwili yako hapa haina kazi. Mhuri iko na kazi."

Nikacheka. Nilimwambia mimi si mtoto, mtu akiwa na mhuri wako anaweza kuuza hata nyumba yako. Nilikuwa nimeona Kenya watu wakifilisiwa hivyo. Mzee Lado akanunua chai, akadai sukari zaidi.

Mhuri ukakaa Kitale, droo ya kabati, chini ya nguo za harusi. Mke wangu alikuwa anauita mke mwenza.

Hapo mwanzo mambo yalikwenda. Barua ikihitaji mhuri, Keji anaituma kwa basi hadi Kampala, mtu wa basi anaipa basi lingine hadi Malaba, naipokea, nagonga, nairudisha. Siku tisa, kumi. Mteja anayetaka mkataba kesho anangoja siku kumi. Wengine waliondoka. Keji alikuwa ananipigia.

"Mudir, hii ya kliniki inataka mhuri Alhamisi."

"Waambie wiki ijayo."

"Watachukua mtu mwingine."

"Wakichukua mtu mwingine, mashine yao itawafia mikononi, watarudi."

"Watarudi kwa nani, mudir? Kwa mtu ambaye anachelewa tena siku kumi?"

Alikuwa anajibu hivyo, kwa sauti ya chini, bila kukosa adabu. Mwishowe nilipata akili, na wakati ule niliiona ni akili kubwa kabisa. Nilichukua karatasi kumi tupu zenye jina la kampuni, nikazigonga mhuri zote chini, nikazituma kwa basi. Nikampa Keji masharti: kila karatasi ikitumika, nitumiwe picha, na namba yake, moja mpaka kumi. Ya nne ilimwagikiwa chai na Mzee Lado. Nilitaka picha ya hiyo pia, na ya chai. Nilipata zote mbili.

Nilipokuwa nazigonga hizo karatasi mhuri uliniponyoka ukaanguka kwenye saruji. Ukingo wa duara ukamegeka upande wa kulia, pengo la ukubwa wa punje ya mchele. Nikasema si kitu, hata ni vizuri, sasa utajulikana ni wangu. Nikazirarua zile nilizokwisha kuzigonga, nikaanza upya, ili zote kumi ziwe na pengo. Kumbukeni hilo pengo.

Niwaambie kitu ambacho nyinyi mnaotaka kuongoza watu kwa simu hamtaambiwa na mwingine. Unaona sana kile ulichoomba kuonyeshwa. Mimi nilikuwa naomba mita, naona mita. Nilikuwa na kamera ofisini Malakia, niliilipia mwenyewe, ikanionyesha ukuta na shati la mlinzi kwa miezi miwili, kwa sababu msumari wa kamera ndio ulikuwa msumari pekee wa kuanikia. Nikamwambia aondoe shati. Akaondoa, akaweka suruali. Nilicheka, nikazoea. Kila siku nilitumiwa picha kumi na tano, ishirini. Picha za mita nilikuwa nazivuta kwa vidole viwili mpaka nione namba. Nyingine nilikuwa nazipita.

Na karatasi kumi, za miezi mingapi? Kampuni inayoandika barua tatu, nne kwa mwezi, karatasi kumi hazifiki miezi mitatu. Mimi mwenye hesabu ya dizeli hadi kikombe cha mwisho, mwaka mmoja na nusu ulipita Keji hajaniomba karatasi nyingine, na mimi sikuuliza. Wateja wakaongezeka kutoka wanne hadi tisa. Nikajisifu kwa jirani zangu kwamba masikio yangu ndiyo yanayovuta wateja.

Siku moja mteja wa hoteli, pale karibu na mto, alinitumia picha ya mkataba wake. Alitaka tu kuniuliza kuhusu kipengele cha dizeli. Nikaivuta kwa vidole viwili, kwa sababu kilikuwa na namba. Nikauona mhuri. Wino wa buluu, duara zima. Halina pengo.

Nilikwenda kwenye droo. Mhuri wangu umelala kwenye soksi, na pengo lake. Nikaugonga kwenye gazeti, nikaweka simu kando yake. Nilikaa pale mpaka mke wangu akaniuliza kama kuna msiba.

Nilikuwa nimesema hakuna cha kunishangaza. Basi sikushangaa, nilikasirika, na kwa mtu kama mimi hiyo ndiyo njia ya kushangaa. Nilijiambia, Keji amechonga mhuri, ana kampuni ndani ya kampuni yangu, ananiibia na kunitumia picha za mita. Kumpigia simu ilikuwa dakika moja. Sikumpigia. Ningempigia, angeniambia, na haya yote yasingeandikwa. Badala yake nikaandika barua kwa mkono wangu, mimi wa darasa la sita, nikaona ni barua kali ya kiwakili. Niliandika kwamba karatasi yoyote yenye jina la kampuni yetu, ambayo mhuri wake hauna pengo upande wa kulia, si yetu na hatuitambui. Nikaigonga. Nikaipiga picha, nikaituma kwa simu za wateja wote tisa. Nikalala vizuri.

Siku ya pili Opio akapiga.

"Bosi, Keji wamemchukua."

"Nani?"

"Polisi. Yule mtu wa hoteli amesema Keji alichukua pesa yake kwa karatasi ya uongo. Ameonyesha barua yako."

"Barua yangu inasema ukweli. Kuna mwizi hapo."

Nilisikia jenereta nyuma yake, na masikio yangu, nawaapia, yaliniambia belti inateleza, na nilikaribia kumwambia.

"Mwizi gani, bosi?" akasema. "Hapa iko mimi na Keji na majenereta."

Kwa mara ya kwanza katika miaka saba nikanunua tiketi ya ndege bila kuuliza bei mara mbili. Nilikuwa nimezikataa tiketi hizo kila mwaka. Keji alikuwa akiniambia, "Mudir, njoo siku mbili tu, watu wakuone," nami nikimjibu kwamba jenereta haitaki kuona uso wangu.

Nilimkuta Mzee Lado nje ya kituo, kwenye kiti cha plastiki alichokuja nacho kutoka nyumbani, na chupa ya chai. Alikuwa hapo tangu jana asubuhi. Hakunisalimia kwa kunishika bega kama watu wa hapa wanavyofanya.

"Umekuja na mhuri?"

"Nimekuja nao."

"Vizuri. Sasa mhuri na mwili ziko pamoja. Utaingia, utatoa, utasema wewe ndio mjinga. Kiarabu nitakusaidia. Ujinga utasema mwenyewe."

"Mzee, amechonga mhuri wa uongo. Hilo hulioni?"

"Ingia ndani, ya akuy," akasema. Maana yake ndugu yangu, lakini alivyolisema halikuwa na undugu.

Afisa aliyekuwa na faili alikuwa mtu mpole, kijana, mwenye usingizi. Mezani kulikuwa na mhuri wa Keji ndani ya mfuko wa karatasi. Nikatoa wangu kwenye soksi. Akachukua karatasi safi, akaugonga wangu, akaugonga wa Keji kando yake. Akaangalia. Kisha akafungua faili, akatoa nakala ya hati za usajili wa kampuni, zile ambazo mimi na Mzee Lado tulizunguka nazo wiki tatu. Akaziweka katikati.

Mhuri wa kwenye usajili ulikuwa duara zima. Kwa sababu siku ile ulikuwa bado haujaanguka kwenye saruji yangu Kitale.

"Huu wa huyu dada unafanana na ule wa hati za serikali," afisa akasema. Mzee Lado akatafsiri, ingawa nilikuwa nimeshaona. "Wako haufanani. Na barua yako inasema mhuri usio na pengo si wa kampuni."

"Ndiyo."

"Sasa hata usajili si wa kampuni?"

Mzee Lado akamimina chai.

"Basi wewe ndiye niliyepaswa kukuuliza maswali," afisa akasema, na akapiga miayo.

Nikahesabu kichwani. Mikataba ya zamani, duara zima. Usajili, duara zima. Leseni, duara zima. Mikataba ya Keji, duara zima. Kwa mkono wangu, na kwa barua yangu kali, nilikuwa nimeikana kampuni yote isipokuwa karatasi kumi, na moja kati ya hizo kumi ilikuwa na chai.

Nikasema kwamba mimi ndiye mjinga. Nilisema kwa Kiswahili, Mzee Lado akatafsiri, na nadhani aliongeza kidogo, maana wale askari wawili wa mlangoni walicheka. Nikaandika barua nyingine, ya kumkubali Keji na mhuri wake. Jioni akatoka. Alikuwa amelala pale siku mbili. Alikuwa na gauni la kazini, na mkono mmoja ameficha ndani ya mwingine kama mtu mwenye baridi, na Juba haina baridi.

"Keji," nikamwambia.

"Malesh, mudir," akasema. Ni neno la kusema si kitu, yameisha. Hakuniangalia.

Ofisini alikwenda moja kwa moja kwenye droo akatoa daftari la matumizi. Alikuwa analiandika kama alivyokuwa akiandika vocha. Akalifungua mahali, bila kutafuta, akaliweka mbele yangu. Mstari wa tatu: mhuri mpya, kwa mchongaji wa soko la Konyokonyo. Bei. Na kando, kwa kalamu nyekundu: nimelipa mimi, nadai.

"Ulinificha," nikasema. Nilisema hivyo bado, mnaona mtu alivyo.

"Fungua simu yako. Hiyo tarehe."

Nilirudi nyuma kwenye mazungumzo yetu, mwaka mmoja na nusu, mita baada ya mita baada ya mita. Nikaifikia siku hiyo. Mita ya kliniki. Mita ya hoteli. Mita ya duka la dawa. Halafu ukurasa wa daftari, huo uliokuwa mbele yangu, umepigwa picha vizuri, mwandishi wake amenyoosha karatasi kwa kidole. Chini yake maneno: mudir, karatasi imeisha, kliniki inataka leo, nimechonga mhuri kama ile ya usajili, ukikataa niambie nivunje.

Na chini ya maneno hayo, jibu langu. Kidole gumba kimesimama juu.

"Nilingoja siku nzima kama utasema kitu kingine," Keji akasema. "Nikakuuliza tena kesho yake, umeona ile? Ukaniambia umeona, umeniambia oil ya kliniki ibadilishwe. Nikajua umekubali."

Opio alikuwa mlangoni, anafuta mikono kwa kitambaa kile ambacho hakijawahi kuwa safi. "Bosi," akasema, "wewe unasikia injekta kutoka Kenya."

Hakumalizia. Na mimi sikutaka amalizie.

Nilikagua vitabu wiki mbili. Mimi si mtu wa kuridhika kwa maneno. Nilikagua mpaka macho yakauma, nikilinganisha dizeli na saa, saa na risiti. Niliyempata ameniibia katika miaka saba ni yule wa bomba la kamasi peke yake. Keji alikuwa amelipa hata nauli za barua zangu za basi zilizochelewa na hakudai zote. Lakini wateja hawarudi kwa sababu vitabu ni safi. Kati ya tisa, sita walikwishaweka watu wengine ndani ya wiki ile ya barua yangu. Hoteli ilikuwa ya kwanza. Watatu waliobaki, kliniki ikiwemo, waliniambia kwa adabu jambo moja: tutaandikiana na Keji, siyo na wewe. Nilikwenda kliniki mwenyewe, nimevaa koti. Mwenye kliniki alinitazama akaniuliza kama mimi ni shemeji yake Keji. Miaka saba, hakuwahi kuona sura yangu.

Nikamwomba Keji abaki, nimwongeze mshahara, nimpe hisa. Tulikuwa tumekaa nje ya ofisi, Malakia, mwanamke wa chai anatupimia tangawizi.

"Mimi sina hasira, mudir," akasema. "Lakini nililala pale nikifikiria. Kama mtu anaweza kuniweka ndani bila kunipigia, siku nyingine itakuwaje? Mama yangu alinitembelea pale. Alileta shuka. Yeye ndio aliniambia khalas."

Khalas ni basi, imekwisha. Kwa mama ya mtu huwezi kuleta hoja.

Basi nimewauzia. Jenereta nne za kukodisha, vifaa, meza, na ile kamera ambayo sasa kweli ni msumari wa nguo. Wanunuzi ni Keji na Opio, Mzee Lado akiwa mwenyeji wao wa karatasi kama alivyokuwa wangu, ingawa Keji mwenyewe ni mwenyeji. Mzee anasema anapenda tu mikutano, kuna chai. Wamesajili jina jipya. Mhuri wao unakaa kwenye droo ya juu ofisini, droo isiyo na kufuli, na ukitaka kuugonga unaugonga, halafu unaandika kwenye daftari umegonga nini na nani. Ni utaratibu wa vocha. Mimi, na ujuzi wangu wote, sikuwahi kuufikiria.

Kwa hiyo wewe wa sola, na wengine. Sikuambii usifanye. Jifunze mita, jifunze bomba la moshi, jifunze kusikiliza. Hizo ni kazi nzuri na nilizijua kuliko yeyote, mpaka leo Opio ananipigia nikiwa chumbani hapa, nusu kilomita tu, anataka nisikilize mashine kwa simu, na nasikiliza. Lakini kitu ambacho kampuni inakihitaji kila siku, kiache mahali kampuni ilipo. Na mtu unayemwachia, ukishamchagua, soma anachokuandikia. Soma yote, siyo namba tu. Mimi kusoma kulinichosha tangu darasa la sita, nikaona kidole gumba kinatosha.

Jana tulimaliza makabidhiano. Watu wakiniuliza Juba imenigharimu kiasi gani, wanangoja nitaje dola, nami huwatajia, maana ni nyingi na kuna fahari hata katika kupoteza nyingi. Lakini jana tulipokuwa tumeshasaini kila kitu, Keji alifungua tena lile daftari la zamani, kwenye mstari wa tatu wenye kalamu nyekundu.

"Hii bado, mudir. Ulikubali, lakini hukulipa."

Nikatoa noti ya dola, kubwa, nikamwambia abaki na chenji. Akaisukuma nyuma kwa kidole kimoja, kama karani.

"Nililipa na pauni. Nipe pauni."

Ikabidi nisimame, na magoti haya, nivuke barabara kwenda kwa wabadilisha pesa, nirudi. Alizihesabu, zote thamani ya dola chache tu, akaniandikia risiti, akavuta droo ya juu, akaigonga mhuri. Duara zima, buluu. Ninayo hapa mezani, nimeikandamiza na kikombe isipeperuke. Imeandikwa mhuri mmoja, imelipwa yote: pauni za Sudan Kusini elfu thelathini na tano na mia tano.